Msimamizi wa Baba Mdogo

12 Januari

Dada yangu,

Pokea salamu wewe na wanao, na hiyo cherehani yako ambayo najua bado inapiga kelele kuliko mwenyewe. Mimi nipo. Nimechoka, lakini nipo. Hapa kiwandani mashuka ya mahoteli yanaingia machafu yanatoka safi, sisi tunaingia safi tunatoka hoi. Nilikuwa kwenye mashine za kukamua, ambako ukivuta lundo la mashuka mabichi mgongo unakuuliza kama una akili timamu. Sasa wameniweka kwenye pasi ya rola. Wawili tunalisha shuka upande huu, wawili wanalipokea upande ule. Ni joto tu, uzito hakuna.

Wameniweka huko kwa sababu ya moyo, na hiyo ndiyo habari yenyewe. Nimechomwa mara ya pili, na safari hii imeshika.

Mara ya kwanza nilikuandikia kwa majivuno, kisha nikanyamaza, nawe hukuniuliza. Ukweli ni kwamba ilishindikana. Daktari wa kwanza aliingiza mrija mwembamba kwenye mshipa wa pajani, akaupandisha hadi moyoni, akachoma kuzunguka ile mishipa inayoleta damu kutoka mapafuni, kama anavyomchoma kila mtu. Kwa wengi inatosha. Kwangu mapigo yalitulia majuma machache, kisha yakarudi kwenye vurugu yake. Ugonjwa wangu si ule wa kuja na kuondoka. Ulishahamia na godoro lake.

Daktari wa sasa ni mama mmoja mfupi mwenye sauti ya mpiga mnada. Aliniambia, "Mioyo ya watu haifanani. Sichomi mpaka nijue wako umeharibikia wapi." Akaingiza mrija wenye ncha nyingi, ukapapasa chumba cha juu cha moyo wangu ukuta kwa ukuta, na kwenye kioo ikajitokeza ramani ya rangi. Penye zambarau ni pazima, penye nyekundu ni kovu. Ukutani nyuma, kandokando ya ule wekundu, palikuwa na sehemu mbili ndogo zinazotoa umeme wa fujo. Zangu mimi, si za mtu mwingine. Akachoma hizo. Nilipozinduka akaniambia mapigo yalikaa sawa nikiwa bado mezani.

Nilimwomba nakala ya ile ramani, akanichapishia. Nimeitia humu. Mwonyeshe kila mtu, na Baba Mdogo awe wa kwanza. Mwambie Pumzi amepata pumzi.

Usidhani nimesahau, dada. Kuna siku nalisha mashuka kwenye rola, na kichwani namlisha yeye. Siku ile nilipoanguka nikipakua mbao ghalani kwake, alinimwagia ndoo ya maji mbele ya vibarua wote akaniita Pumzi, na jina likaganda. Hilo ningelimeza. Lakini siku ya posa, mbele ya fundi saa, baba wa binti niliyemposa, na ndugu zake, yeye aliyepaswa kunisemea kwa kuwa baba yetu hayupo, alisimama akasema, "Mimi ni mtu wa haki. Kijana huyu moyo wake mbovu. Msije mkanilaumu siku ya kuzika." Fundi saa akafunga mazungumzo palepale. Na mwaka haukuisha, yule binti akaolewa na mtoto wake Baba Mdogo wa kumzaa. Mtu wa haki!

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako inalala sebuleni kwa Baba Mdogo, na kila anayepita anaipokea. Halafu mimi kwenye simu nikikasirika nakata. Barua haikatiki. Jibu lako mpe yule dereva wa lori la mizigo akipita.

Mdogo wako

20 Februari

Mdogo wangu,

Nilifurahi mpaka nikashonea mkono wa shati la mtu kwenye mfuko. Nimekaa jioni nzima nafumua huku nacheka peke yangu, wanangu wakadhani mama yao kaharibikiwa. Wao ni wazima, wanakula kama nzige. Mama Mdogo anakusalimu, goti linamsumbua. Cherehani imesikia salamu zako, imekataa kupokea.

Ramani yako nimewaonyesha watu kama ulivyoagiza. Jirani yetu muuza mkaa aliigeuza juu chini akasema, "Mbona kama embe lililogongwa?" Nikamwambia ndilo hilo, na limepona.

Baba Mdogo aliishika muda mrefu. Akauliza, "Alichomwa hapa?" Nikamwonyesha vile vialama viwili. Akaikunja, akaitia mfuko wa shati. Nikasema, "Baba Mdogo, hiyo ni yangu." Akasema, "Nitakurudishia." Hajarudisha.

Sasa kaa chini. Juzi aliniita ghalani, akafunga mlango, akawafukuza hata kuku. Ana ugonjwa wako. Zahanati wamempima, mapigo yake hayana mpango kama yalivyokuwa yako. Anaishiwa pumzi akipanda ngazi za kupangia mbao. Anamtaka daktari wako, na anataka achomwe kama wewe, palepale ulipochomwa wewe. Gharama atajua mwenyewe. Lakini hospitali yenu haimpi nafasi mgonjwa wa mbali asiye na ndugu anayeishi huko, wa kumsimamia, kumtafsiria na kumwuguza baada ya kutoka. Ndugu huyo ni wewe, hakuna mwingine. Amenituma nikuombe, nami nimeomba.

Usinijibu kwa hasira. Ukishajibu kwa hasira, chana, lala, andika tena.

Dada yako

9 Machi

Dada,

Salamu kwa wote, na Mama Mdogo pole ya goti. Nimepata chumba kipya juu ya fundi wa matairi. Kila nikitaka kulala linapasuka tairi. Lakini dirisha linafunguka, na la kule nilikotoka lilikuwa limechorwa tu.

Nilichana, nikalala, nikaandika tena kama ulivyosema. Hasira iliamka kabla yangu.

Niliposoma habari ya Baba Mdogo nilicheka mpaka mwenzangu wa kwenye rola akadhani nimeungua. Akaniuliza, "Kuna msiba?" Nikamwambia hapana, kuna haki. Naandika hivi hivi ili usije ukasema sikukwambia: nilifurahi. Nikapiga chai ya pili.

Nitamsimamia kwa sharti moja. Aende kwa fundi saa, kwa miguu yake, siku ambayo kuna watu, kwenye sebule ileile. Asimame kama alivyosimama. Aseme: moyo mbovu uko kwangu. Maneno hayo, na yasipunguzwe. Akishasema, mimi natia sahihi siku hiyohiyo, nampokea, na nampa kitanda changu.

Na usiniletee habari ya damu moja. Siku ile pia tulikuwa damu moja.

Yule binti hajambo? Usijibu.

Mdogo wako

2 Mei

Mdogo wangu,

Umeuliza kisha ukasema nisijibu. Sijibu.

Nimechelewa kwa sababu nilikuwa napelekwa na kurudishwa kama mpira. Sare za shule nazo zimenielemea, naona vifungo hata nikifumba macho. Mwanangu wa pili ameng'oka meno ya mbele na anajiita mzee.

Nilimsomea Baba Mdogo barua yako. Nilitaka nimwambie kwa upole, akasema, "Soma ilivyoandikwa." Nikasoma. Hata ile chai ya pili. Akacheka kidogo kupitia puani, kisha akakaza uso.

"Mwandikie kwamba mimi si mtoto wa kupelekwa kwenye nyumba za watu kutubu."

"Basi kaa na moyo wako, Baba Mdogo."

"Unamtetea?"

"Nawatetea wote wawili, na wote wawili mnanichosha."

Akachukua msumari akawa anakwangua meza. Ndipo akasema lile lililoko ndani. Fundi saa alikwisha kuapa mbele yao kwamba hataki ukoo wa mioyo mibovu, akamkubali mwana kwa kuwa aliambiwa ubovu ni wako peke yako. Akisikia kwamba si wewe tu, kwamba na baba mtu anao, atahesabu kwamba na mwana anao, na mjukuu tumboni anao. Ndiyo, binti ni mjamzito. Nimekwambia hilo tu, kwa sababu linahusu jambo letu. "Nikisema," akaniambia, "nimemvunjia mwanangu nyumba."

Nikamwambia, "Ya mwenzake uliivunja haijajengwa."

Alinifungulia mlango nitoke.

Lakini nisikilize, mdogo wangu. Wewe unajua kuliko sisi. Muuguzi wa zahanati amenieleza kwamba damu inazubaa kwenye kile chumba kisichopiga sawasawa, inaganda, na bonge likipanda kichwani ni kiharusi. Amempa dawa ya kuzuia damu kuganda. Naye anaificha kwenye kopo la misumari ili Mama Mdogo asiione, na sijui kama anaimeza. Jambo hili halingoji mtu atulie.

Dada yako

19 Mei

Dada,

Salamu. Mzee huyo wa meno ya mbele mwambie namheshimu.

Joto limeanza huku. Kwenye rola tunafunga taulo shingoni, na msimamizi wa zamu anapita na ndoo ya maji ya chumvi kama anayenywesha ng'ombe. Juzi nilikwenda kupimwa. Mapigo sawa. Nilimwuliza daktari, kama mtu anayeuliza habari ya jirani, je, mgonjwa wa aina yangu akichelewa inakuwaje. Akasema kila mwezi ugonjwa unaokaa unazidi kuchakaza kuta za moyo, na baadaye hata ramani nzuri haisaidii.

Nilitoka nje nikasimama kwenye ngazi, nikawaza: basi asikawie. Viatu anavyo.

Sharti ni lilelile.

Mdogo wako

30 Julai

Mdogo wangu,

Amekwenda kwa fundi saa. Nilikuwepo, na watu walikuwepo. Sharti lako limetimia. Timiza la kwako.

Dada yako

11 Agosti

Dada,

Barua yako haina salamu, haina watoto, haina hata cherehani. Niliigeuza nyuma nikidhani umeandika upande wa pili.

Lakini hujawahi kunidanganya. Nimetia sahihi. Daktari amempa nafasi mwezi ujao. Nilipomwambia ni baba yangu mdogo akaandika "baba", nami sikumsahihisha, maana kalamu ilikuwa inakimbia.

Sasa nipe changu. Alisema nini? Neno kwa neno. Alikuwa amevaaje, alisimama au alikaa, fundi saa alifanya uso gani. Usinipimie kwa kijiko. Nimengoja chakula hiki miaka mingi, nataka nikitafune pole pole nikiwa nalisha mashuka.

Mdogo wako

25 Septemba

Dada,

Hukunijibu, sasa najua kwa nini.

Nilimngojea kwenye uwanja wa malori nikiwa na maneno yangu tayari. Nilikuwa nimeyapanga vizuri, nilikuwa nimeyasemea ukutani. Yule dereva akashuka, akazunguka, akafungua mlango wa upande wa pili, akamshusha mtu kama anayeshusha kabati la vioo. Mkono wa kulia unaning'inia. Mdomo umevutwa upande. Dereva akaniambia, "Mzigo wako huu. Njiani hakusumbua hata kidogo, si unajua hasemi?"

Sikujua.

Nikamwamkia, sijui hata kwa nini. Mdomo umezoea. "Shikamoo Baba Mdogo." Akafungua kinywa, ikatoka sauti kama ya mlango. Yale maneno yangu yote yakanikwama. Utamtukanaje mtu asiyeweza kukurudishia?

Nimempa kitanda. Mimi nalala chini juu ya mashuka ya hoteli yaliyokataliwa kwa kutoboka. Tairi likipasuka chini anashtuka, na mimi namwambia, "Ni tairi." Ndiyo mazungumzo yetu.

Sasa hospitali. Daktari alitukalisha chumba kidogo chenye mashine ya mawimbi, akampaka ile dawa baridi kifuani, akatazama kioo muda mrefu bila kusema, na yeye si mtu wa kunyamaza. Wakampeleka kwenye picha ya sumaku. Wakamshusha mrija kooni kutazama moyo kwa nyuma. Siku ya majibu akauliza, nami nikatafsiri, "Ugonjwa huu ulianza lini?"

Baba Mdogo akatazama ukuta.

Daktari akasema, "Huu si wa mwaka huu. Chumba chake cha juu kimetanuka kama mfuko, na kuta karibu zote ni kovu. Ni wa miaka mingi sana."

Pale ndipo nilipokumbuka, dada. Enzi anaendesha lori, mimi nikiwa utingo wake. Mara kwa mara alikuwa anasimama pembeni ya barabara bila sababu, anazima, analaza kichwa kwenye usukani, mkono kifuani. Nikimwuliza anasema, "Nyamaza, nasikiliza injini." Injini iliyozimwa! Nami nilikuwa naamini, naogopa hata kukohoa.

Alikuwa nao. Kabla yangu alikuwa nao. Ndiyo maana siku nilipoanguka ghalani alijua ni moyo kabla ya daktari yeyote kunigusa. Alisimama kwa fundi saa akanivika ugonjwa wake mwenyewe ili mtu asimtazame yeye.

Nilimweleza daktari yote kwa lugha yake. Kisha nikageuka, nikamwambia Baba Mdogo kwa lugha yetu, taratibu, asikose hata silabi: "Ulikuwa nao. Siku unanitangaza, ulikuwa nao." Akafumba macho. Nikamngoja ayafumbue, nikasema tena.

Daktari akanishika bega. "Wewe ni mkalimani au hakimu?"

Nikamwambia, "Leo yote mawili."

Unajua Baba Mdogo alifanya nini? Aliingiza mkono wa kushoto mfukoni akatoa karatasi imekunjwakunjwa mpaka imekuwa laini kama kitambaa. Ramani yangu. Akaikunjua mezani, akaweka kidole kwenye vile vialama viwili vyangu, akamtazama daktari. Akagonga kidole. Hapa. Nichome hapa.

Daktari hakucheka. Alisema, "Mzee, huu moyo si wako. Ni wa huyu kijana." Akamwekea ya kwake pembeni, kwenye kioo. Yangu ina zambarau kubwa na madoa mekundu. Yake ni nyekundu kutoka pembe hadi pembe, na zambarau ni kiraka tu. Akaendelea: "Kwake nilichoma sehemu mbili kwa sababu sehemu nyingine zote zilikuwa hai. Kwako nitachoma nini? Kila mahali pameshaungua penyewe. Nikiingiza mrija nitakuhatarisha bure. Kwa moyo huu tiba inayofaa ni kutouchoma. Vidonge vya kupunguza mbio za mapigo, vidonge vya kuzuia damu kuganda kila siku bila kukosa, na mwalimu wa kumfundisha kusema."

Yote hayo nilipaswa kumtafsiria mimi. Ningeweza kulainisha. Sikulainisha. Nilimwambia, "Anasema umechelewa. Anasema moyo wangu unatibika na wako hautibiki. Anasema ungesema zamani ungechomwa ukapona." Na hayo ya mwisho hakuyasema. Niliongeza mimi.

Nilifurahi, sikufichi. Furaha ilidumu mpaka kwenye lifti. Humo akanishika mkono wa shati kwa ule mkono wake mzima, kama mtu anayeshika bomba kwenye basi, na lifti ilipofika chini hakuuachia. Tulitembea hivyo mpaka barabarani. Nilitaka kumkung'uta. Watu walikuwa wengi.

Wewe ulijua hasemi, ukaniandikia sharti limetimia. Nijibu, dada. Na usinipe mistari mitatu.

Mdogo wako

20 Oktoba

Mdogo wangu,

Wote hatujambo. Mama Mdogo anatembea na fimbo. Mtoto wa yule binti amezaliwa, wa kike, ana sauti ya mpiga mnada kama daktari wako. Cherehani imekufa kabisa, nashona kwa mkono, ndiyo maana hata maandishi yangu yanachechemea.

Unataka kujua kwa nini nilinyamaza. Kwa sababu nakujua. Ungesikia hawezi kusema, ungeniandikia kwamba sharti ni kusema, na asiyesema hajatimiza. Si ungeandika hivyo? Andika ukweli moyoni mwako, usiniandikie mimi.

Barua yako ya viatu nilimsomea ilivyo. Majuma machache baadaye Mama Mdogo alimkuta asubuhi sakafuni, mdomo umepinda. Sisemi ni barua yako. Walipomwaga lile kopo la misumari vidonge vilikuwa vimejaa, vimeshika kutu. Alikuwa hajameza hata kimoja. Aliogopa mkewe amwone akimeza. Mtu aliyeficha hivyo miaka yote, hakujua kuishi namna nyingine.

Alipotoka hospitali ya wilaya, siku ya kwanza aliyoweza kusimama, alinivuta kanga akanionyesha njia kwa kidevu. Nikauliza, "Zahanati?" Akatikisa kichwa. "Ghalani?" Akatikisa. Nikamfuata. Alikuwa anaburuta mguu, anapumzika kila penye ukuta. Tulipofika kona ya fundi saa nikaelewa, nikamwambia, "Baba Mdogo, haina haja tena." Akanisukuma kwa kiwiko.

Sebule ilikuwa na watu, walikuja kumjulia hali binti aliyerudi kwao kungojea kujifungua. Mwana wa Baba Mdogo pia alikuwepo. Baba Mdogo alisimama katikati. Akajaribu. Ikatoka sauti, mate yakamtoka, mwanawe akainuka amkalishe, Baba Mdogo akamzuia. Akaenda mbele ya fundi saa, akachukua mkono wa yule mzee, akaufungua, akaubandika kifuani mwake mwenyewe chini ya shati, akaushikilia pale.

Fundi saa alitaka kuuvuta, kisha akaacha. Akafumba macho, akainamisha sikio, kama anavyofanya mtu akimletea saa. Akasema, "Hii imeharibika zamani." Akangoja tena, akasema, "Na wewe ulikuwa unajua." Baba Mdogo akaitikia kwa kichwa. "Siku ile ya kijana ulikuwa unajua." Akaitikia tena. Fundi saa akaondoa mkono wake akaupangusa kwenye suruali, akatoka nje, akatuacha wageni sebuleni kwake.

Mwanawe hajaongea na baba yake tangu siku hiyo. Ndiyo maana Baba Mdogo alikuja kwako na dereva.

Yule binti alikuwa mlangoni na sinia la vikombe. Alisikia yote. Alichosema baada ya hapo ameniomba nisikuandikie, na mimi naandika kwamba sikuandikii.

Mama Mdogo anauliza mumewe anarudi lini.

Dada yako

15 Novemba

Dada yangu,

Salamu kwa wote, na kwa mpiga mnada mchanga. Cherehani ilale pema. Fundi wa matairi hapa chini ana ndugu anayetengeneza cherehani, nimemwuliza kuhusu ya kwako, anasema akiona picha atajua ubovu wake.

Sijui ningeandika nini kama ungeniambia mapema. Najua ulivyosema ndivyo. Niache hapo.

Mwambie Mama Mdogo kwamba mumewe atarudi pindi mwalimu wa kusema akimaliza naye. Ni kijana mpole, anamfundisha kwa picha. Aliniuliza ndugu yako anahitaji maneno gani kwanza, ya kila siku. Nikasema maji, choo, asante. Nilikuwa na sentensi nyingine ndefu zaidi, ile ya moyo mbovu, unaijua. Nikaimeza. Bado ipo hapa kooni, sijaitupa.

Ile niliyomwongezea daktari mdomoni sijaisahihisha, na sitaisahihisha. Ile habari ya mkono kifuani kwa fundi saa niliisoma mara moja nikaikunja. Nilidhani itanishibisha. Kuna mahali ilinishibisha na kuna mahali sijui. Kumsamehe sijamsamehe. Nikimwona anajaribu kufunga kifungo kwa mkono mmoja namwacha ahangaike, naosha kikombe changu taratibu, ndipo nakwenda.

Vidonge vyake nashika mimi. Asubuhi kabla sijaenda zamu anakaa ukingoni mwa kitanda, ananyoosha mkono wa kushoto, kiganja juu. Maji yako mezani, kidonge kiko mkononi mwangu. Simpi mara moja. Namwacha na mkono wake hewani mpaka aache kutazama sakafu, ainue macho, anitazame mimi, ajue ni nani anayempa. Siku nyingine anachukua muda. Namngoja, hata gari la kiwandani linapiga honi.

Akishanitazama, nampa.

Usiniandikie niache. Hicho tu ndicho nilichobaki nacho, na mpaka leo hajakosa hata kidonge kimoja.

Mdogo wako